Mkubwa amepona, mdogo ndiyo anaanza

"Daktari, huyu mkubwa aliharisha wiki iliyopita, akapona. Sasa huyu mchanga kaupata wapi ugonjwa na hatoki hata nje?" Akina mama huniuliza hivi sana, hasa baridi na upepo wa Dodoma unapokolea katikati ya mwaka. Mara nyingi kaupata kwa kaka yake, tena baada ya kaka kupona.

Tangu Serikali ihamie huku, sisi madaktari wa watoto tunapokea wazazi wengi wa Kisasa, Ilazo na Iyumbu ambao bibi wa kuwasaidia kulea yuko mkoa mwingine. Mtoto anaachwa dei kea alfajiri, mama anawahi ofisini Mtumba, kwenye mji wa Serikali. Sina ugomvi na dei kea, bila hizo wengi wangeacha kazi. Ila watoto wa umri ule hutia kila kitu mdomoni, na mlezi huyohuyo anayembadilisha huyu nepi ndiye anayemlisha yule uji.

Virusi vya rota, vinavyoharisha watoto, ndivyo vinavyonisumbua zaidi. Gramu moja ya choo cha mgonjwa inaweza kuwa na mabilioni ya virusi, na visivyofika hata 100 vinatosha kumwambukiza mtoto mwingine. Huanza kutoka kabla mtoto hajaharisha, na huendelea kutoka kwa siku kadhaa hata choo kikishakuwa kigumu. Wakati huo mzazi ameshashusha pumzi: nepi inabadilishwa juu ya kitanda anacholala mchanga, mikono inafutwa kwa kanga, kisha inashika chupa. Baba na mama wakiambukizwa huenda wasihisi chochote, wakaendelea kuvisambaza.

Chanjo ya rota, ambayo nchini tumeitoa tangu 2013, huanza mtoto akifikisha wiki 6. Aliye chini ya hapo anategemea maziwa ya mama na usafi wa waliomzunguka. Kwa hiyo nawasihi: kwa wiki mbili baada ya mkubwa kupona, abadilishwe mbali na mchanga, na kila aliyemshika anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka.

Najua maji yetu ni ya mgao. Lakini beseni moja la kunawia darasa zima ni hatari, kwa sababu anachoacha mtoto wa kwanza humo, wa mwisho anaondoka nacho. Kibuyu chirizi, yaani kidumu kinachoning'inizwa na kuinamishwa kichirizishe maji, hutumia maji kidogo sana na kila mtoto anapata maji yake. Vitakasa mikono visichukue nafasi ya sabuni. Virusi vya noro, ambavyo navyo huharisha na kutapisha, haviviogopi sana.

Mafua nayo yana njia yake. Kirusi cha RSV kwa mtoto wa miaka 3 ni kamasi na kikohozi. Kwa wa miezi 2 huvimbisha vijia vidogo vya hewa mapafuni hadi apumue kwa shida. Mkubwa akirudi, anawe mikono na uso kabla ya kumbusu mdogo. Na tafadhali msikimbilie duka la dawa kununua antibayotiki, haziui virusi.

Mchanga akipumua haraka, kifua kikibonyea ndani, akikataa kunyonya, macho yakididimia au akikaa saa nyingi bila mkojo, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Anayeharisha aendelee kunyonya na kupewa ORS, dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini, njiani.