"Sikumwona kabisa": dhana potofu kuhusu macho yetu na ukweli wake

Bodaboda ikigongwa pale Barabara ya Jogoo, Nairobi, dereva wa gari hushuka akiapa, "Sikumwona kabisa!" Watu humwita mwongo, maana alikuwa akitazama huko huko. Nami niliwahi kumzomea mmoja. Siku hizi najua huenda alisema kweli, na ukweli huo unanitisha kuliko uongo.

Dhana: Mwenye macho mazima huona vyote vilivyo mbele yake sawasawa.

Nyoosha mkono, uinue kidole gumba. Sehemu ambayo jicho huiona kwa ukali kamili inakaribia upana wa ukucha huo tu. Kwingine kote ni ukungu. Ndiyo maana macho hurukaruka, kama mara tatu kila sekunde, na yanaporuka ubongo huizima picha. Jaribu kwenye kioo: litazame jicho lako la kushoto, kisha la kulia. Hutayaona yakisogea hata kidogo, ingawa aliye kando yako anayaona.

Dhana: Macho hufuata kinachong'aa.

Labda ukiwa umekaa bure. Ukishika kazi, kazi ndiyo inayoyatuma. Mwaka 1999, Michael Land na wenzake huko Uingereza walirekodi macho ya watu wakiandaa chai. Karibu kila mara yalitua kwenye kitu kilichohitajika wakati huo, birika au kikombe, tena yalitangulia mkono kwa takriban nusu sekunde. Msimamie mama wa chapati kibandani Gikomba alfajiri, uone: mkono bado unageuza hii, macho yameshafika kwenye donge linalofuata. Huo ni ustadi, na mimi naustahi sana.

Dhana: Kutazama ndiko kuona.

Hapa ndipo tunapopoteza watu. Mwaka huohuo wa 1999, huko Marekani, Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu video ya wachezaji wakirushiana mpira, wakawaambia wahesabu pasi. Katikati ya mchezo alipita mtu aliyevaa kama sokwe. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Sasa mfikirie dereva anayeingia barabara kuu akitafuta pengo kati ya matatu. Akili yake inasaka magari makubwa. Macho yanaweza kumpitia mwendesha bodaboda, pamoja na koti lake la kung'aa, bila akili kumpokea. Koti livaliwe, ndiyo. Lakini halitoshi ikiwa dereva hamtarajii anayelivaa.

Dhana: Kuongea kwa simu ya masikioni hakuna shida, macho si yako barabarani?

Macho yapo, umakini haupo. Katika majaribio ya kuendesha gari la kuigiza, waliokuwa wakiongea hivyo walikumbuka vichache zaidi hata kati ya vitu ambavyo macho yao yalikuwa yametua juu yavyo.

Mimi nikifika makutano huizima simu, nikataja kwa sauti: "Bodaboda, mkokoteni, mtoto." Kisha natazama tena, nikivitafuta kimoja kimoja.