Kwa nini ndege anayejua kusema ndiye mgumu zaidi kufuga nyumbani?

Mtoto akiomba ndege wa kufuga, mara nyingi huwa anataka kasuku, tena yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Anamtaka kwa sababu anasema. Anamwita mama, anaiga mlio wa simu, anapiga hodi kama jirani. Familia nyingi za Kisumu na Nakuru zinazoulizia ndege wa nyumbani huanzia kwake. Mimi nawashauri waanzie kwingine, na sababu yangu imo katika huko kusema kwenyewe.

Kasuku hasemi ili atuburudishe. Porini kasuku wa kijivu huishi kwa makundi, na jua likitua hukusanyika kwa mamia kulala kwenye miti mirefu. Katika umati huo sauti ndiyo inayowaunganisha. Ndege hujifunza milio ya wenzake, huitwa akaitika, na kwa milio hiyo hutambulikana kuwa ni wa hapo. Ubongo wake una sehemu maalumu za kujifunza sauti mpya, ambazo kuku na njiwa hawana. Ukimtenga na kundi ukamweka kwenye tundu sebuleni, hamu hiyo haimwishi. Watu wa nyumba ndio wanakuwa kundi lake, naye hujifunza milio yao: kikohozi cha babu, mlio wa geti, "kuja hapa wewe!" ambayo mtoto mtundu huambiwa kutwa nzima. Anapolitamka neno lako ukiwa chumba kingine, anataka kujua uko wapi.

Nyumba ya kawaida ya mjini haiwezi kumjibu. Asubuhi watoto wanakwenda shule, wazazi wanakwenda kazini au sokoni, na ndege aliyezaliwa kuishi katika umati anabaki na kuta nne hadi jioni. Madaktari wa mifugo wanaotibu kasuku wanayajua yanayofuata. Anapiga kelele mfululizo, anauma, au anaanza kujing'oa manyoya. Ukimwona ndege wa namna hiyo utamtambua mara moja: kifua kiko uchi kama cha kuku aliyenyonyolewa, ilhali kichwa kimejaa manyoya safi, kwa sababu kichwani ndiko mdomo wake mwenyewe haufiki.

Kasuku maarufu kuliko wote, Alex, alinunuliwa mwaka 1977 katika duka la ndege huko Chicago na mtafiti Irene Pepperberg. Alijifunza zaidi ya maneno 100, akaweza kutaja rangi, maumbo na idadi ya vitu alivyowekewa. Lakini Alex aliishi katika maabara, akiwa na watu wa kuongea naye siku baada ya siku, hadi alipokufa mwaka 2007. Wanaomwonea wivu mwenye kasuku kama huyo wanasahau kwamba watu kadhaa walifanya kazi hiyo kama ajira.

Kuna na suala la umri. Kasuku wa kijivu anayetunzwa vizuri anaweza kufika miaka 40, hata 60. Ukimnunulia mwanao wa darasa la tatu, utakuwa umemwachia mjukuu wako.

Na sheria je? Mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, CITES, ulimweka kasuku huyu katika orodha ya ulinzi mkali kabisa, na uamuzi huo ukaanza kutumika mwaka 2017. Kumfuga Kenya bila kibali cha Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, ni kosa. Kwetu magharibi jambo hili linatugusa kwa karibu, maana katika Kenya nzima, makao yake ya porini yanayojulikana ni msitu wa Kakamega, na waliobaki humo ni wachache mno. Mtu akikunong'onezea kwamba ana kinda la kasuku na bei yake ni nafuu, ujue kuna kiota kimevunjwa mahali.

Hayohayo nayasema kuhusu korongo taji. Wako watu wanaomfuga uani, amekatwa mbawa, wakiamini analeta baraka. Ni ndege mzuri ajabu. Lakini tangu 2012 amehesabiwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka, na wengi wa hao waliofungiwa uani waliokotwa kwenye nyasi za kinamasi wakiwa vifaranga. Huyo hafugwi. Aachwe kinamasini kwake.

Basi familia ichague vipi? Kipimo changu ni kimoja: ndege huyu anakuhitaji wewe kiasi gani, na anawahitaji ndege wenzake kiasi gani? Anayetosheka na wenzake ndiye anayeweza kuishi vizuri katika nyumba yenye shughuli nyingi.

Kwa kipimo hicho njiwa anawashinda wote, na nashangaa kwamba watu wakitaja ndege wa kufuga humruka. Mwanadamu ameishi naye kwa maelfu ya miaka. Ukiwa na ua, fundi wa jua kali atakutengenezea banda la mbao na waya, uliinue juu ya nguzo ili paka na panya wasilifikie. Wanunue wakiwa wachanga, jozi mbili au tatu, uwafungie bandani wiki kadhaa mpaka wapajue kwao. Baada ya hapo ukiwafungulia wataruka na kurudi wenyewe.

Na mtoto atajifunza mengi bandani humo. Mwambie amtazame njiwa akinywa maji. Kuku huchota kidogo kisha huinua kichwa ili maji yateremke kooni, lakini njiwa huzamisha mdomo na kufyonza bila kuinua kichwa. Halafu wakitaga, kwa kawaida mayai mawili, aangalie nani analalia. Dume huingia kiotani asubuhi jua likishapanda, jike huipokea zamu alasiri na kulala nayo hadi kesho yake. Baada ya siku kama 18 mayai huanguliwa, na wazazi wote wawili huwalisha makinda aina ya maziwa yanayotengenezwa katika mfuko wa kooni. Ndiyo, hata baba ananyonyesha. Mtoto aliyeyaona hayo kwa macho yake hatayasahau.

Asiye na ua, anayepanga chumba au nyumba ya ghorofa, namwelekeza kwa baji, yaani bajerigari, kasuku mdogo wa asili ya Australia ambaye John Gould alimfikisha Uingereza akiwa hai mwaka 1840. Tangu hapo amezalishwa vizimbani vizazi kwa vizazi, na uzito wake hauzidi sana gramu 40. Wawe wawili daima. Kutofautisha dume na jike waliokomaa si kazi: tazama ngozi iliyo juu ya mdomo, penye pua. Ya dume kwa kawaida ni ya buluu, ya jike ni ya hudhurungi. Tundu liwe pana kuliko urefu wake, maana ndege huruka kwenda mbele, hapandi kama lifti. Mtama na wimbi hupendwa, ila nafaka tupu haitoshi, kwa hiyo ongeza majani mabichi kama sukuma wiki.

Lavubadi, wale kasuku wadogo wenye uso mwekundu na shingo ya manjano, asili yao ni kaskazini mwa Tanzania, kusini mwa ziwa letu la Viktoria. Kwa macho wanapendeza kuliko baji, lakini kelele zao zinapenya ukuta wa jirani, na jike akiwa na kiota huuma hadi damu. Nyumba yenye watoto wadogo nisingeipelekea. Kware, ambao huku Siaya na Busia wazee huwatega kwa kuwatundika wenzao wanaoita ndani ya vikapu juu ya mti, wanafaa kwa mayai, ila hawapendi kushikwashikwa, na wao pia huhitaji kibali cha KWS.

Ndege yeyote utakayemleta ndani, jikoni pako ndipo penye hatari kubwa. Pafu la ndege hupitisha hewa kuelekea upande mmoja tu, likisaidiwa na mifuko ya hewa mwilini, na kwa njia hiyo huvuna oksijeni vizuri kuliko pafu letu. Sumu nayo huivuna vivyo hivyo. Ndiyo sababu wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walishuka migodini na chiriku ndani ya tundu hadi mwaka 1986: ndege alilegea kabla mtu hajahisi gesi. Kwa hiyo tundu lisikae chumba kimoja na jiko la makaa. Kikaango kile kisichogandisha chakula, kikisahauliwa motoni mpaka kikaungua, hutoa moshi unaoweza kuua ndege kwa muda mfupi, hata kama wewe hukuhisi kitu.

Na avokado. Huku kwetu limejaa kila boma, na mtoto anapenda kugawana na ndege anachokula. Usiruhusu. Nyama yake, jani na kokwa vina kemikali inayodhuru moyo wa ndege.

Siku ya kununua, usianze na rangi. Simama kando dakika chache ndege azoee kuwa upo, kwa sababu ndege mgonjwa hujikaza akiona mgeni. Akituna manyoya mchana wa jua, mkia ukitikisika kila anapovuta pumzi, au manyoya ya nyuma yakiwa yamegandamana na kinyesi, mwache, hata kama mwenzake wa pembeni anaonekana mzima. Kwa njiwa, muulize pia muuzaji kama wamechanjwa kideri, maana wanaambukizwa kama kuku, na wakija na ugonjwa huo uani kwako, kuku wako watakwisha kwanza.