Sanduku la bastola lililofungwa, na lile lililoshindikwa tu

Mwaka juzi nilikuwa kwa dada yangu Jinja siku ambayo shemeji alikuwa akijiandaa kwenda Kampala. Ana cheti cha kumiliki bastola, na alikuwa ameitia kwenye kisanduku cha plastiki kilichotoka nayo dukani, kikufuli kimoja kikining'inia katikati. "Shemeji, hii imefungwa," akaniambia, akikigonga kifuniko. Binti yao wa miaka saba alikuwa amesimama kando ya meza na kalamu yake ya shule. Nikashika pembe ya kifuniko, nikaivuta juu, ikapinda. Nikaomba kalamu, ikapita. Vikafuata vidole vyangu viwili, mpaka nikagusa ubaridi wa chuma. Kufuli halikuwa limesogea hata kidogo.

Kiswahili kina neno linalofaa hapa: kushindika. Mlango ulioshindikwa unaonekana umefungwa, lakini ukiusukuma unakubali. Kisanduku cha shemeji kilikuwa kimeshindikwa tu, na kufuli lake lilikuwa pambo.

Kwa hiyo tunaposema sanduku la kufungwa la kubebea bastola, tunasema sanduku gumu ambalo, likishatiwa kufuli, hakuna mkono, kidole wala bisibisi itakayofika kwenye silaha bila ufunguo, au bila uharibifu ambao kila mtu atauona. Ndivyo TSA, idara ya Marekani inayokagua abiria wa ndege, inavyolielewa: sanduku liwe gumu, lifungwe, liizuie silaha kabisa isifikiwe, na ufunguo abaki nao abiria mwenyewe. Wanaonya pia kwamba sanduku ulilouziwa silaha ndani yake huenda lisitoshe. Nilipomsomea shemeji maneno hayo alinyamaza kimya.

Hapa kwetu Uganda, kumiliki bastola bila cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha ya 1970. Lakini cheti kinasema nani amiliki. Hakimzuii mtoto kuingiza mkono. Kazi hiyo ni ya sanduku.

Tuanze na kifuniko, kwa sababu ndipo masanduku mengi yanaposhindwa. Funga sanduku likiwa tupu, palepale dukani, kisha jaribu kila pembe kwa nguvu ya mtu mzima. Plastiki nyembamba inapinda. Plastiki nene yenye mbavu haipindi kirahisi, na alumini au chuma ni imara zaidi ila ni nzito, na uzito huo utausikia kwenye bega ukishuka kwenye taksi pale Old Taxi Park, stendi ya Kampala, na kuanza kutembea. Matundu ya kufuli yawe mawili, moja kila upande karibu na pembe, na uyatumie yote mawili. Kufuli moja la katikati linaziacha pembe huru, na pembe ndiyo mlango wa mwizi.

Geuza sanduku utazame bawaba. Pini yake ikiwa wazi nje, mtu mwenye msumari na jiwe ataisukuma atoe, afungue kifuniko kwa nyuma bila hata kulitazama kufuli lako. Pini iwe imefichwa ndani au imezibwa ncha zote mbili. Watu wengi hawaangalii nyuma, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kufuli lenyewe lina mambo mawili. Upinde wake ujaze tundu. Ukiwa mwembamba na tundu ni pana, kifuniko kitacheza, na mchezo huo ndio nafasi ya bisibisi. La pili ni namba. Kufuli la tarakimu tatu lina michanganyiko 1,000 tu. Mtu akitumia sekunde 3 kwa kila mmoja, anaimaliza yote kwa dakika 50. Ni muda mfupi kuliko usingizi wa mchana wa mzazi aliyechoka. Mimi nachagua ufunguo. Yale ya alama ya kidole ni mazuri mpaka betri iishe au kidole kiwe na matope.

Ndani, sponji inaishika silaha isigongane na kuta. Lakini sponji inanyonya unyevu, na huku kwetu mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba hazina huruma na chuma. Silaha iliyolala kwenye sponji wiki nzima inaweza kutoka na madoa ya kutu upande mmoja. Tia vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na ukifika itoe uifute.

Hakuna sanduku linaloweza kuifanya salama silaha yenye risasi. Ielekeze mahali salama, kidole mbali na kifyatulio, toa magazini (chombo cha risasi kilicho ndani ya mpini) kwanza, ndipo uvute slaidi (kipande cha juu kinachoteleza) nyuma utazame chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) kwa macho. Mpangilio huo usiugeuze: ukivuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, unatoa risasi moja na slaidi ikirudi inapandisha nyingine, nawe unaamini chemba ni tupu. Risasi zikae kwenye kasha lake.

Anayesafiri kwa ndege kutoka Entebbe ajue kwamba silaha haiingii kwenye kibanda cha abiria. Inakwenda na mizigo ya chini, bila risasi ndani, na ni lazima shirika la ndege likubali kabla. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinaruhusu risasi kwa ridhaa ya shirika, zisizidi kilo 5 kwa mtu pamoja na kasha lake, na wawili hawaruhusiwi kuunganisha mafungu yao. Vibali vya nchi unayotoka na unayokwenda ni shughuli nyingine, vishughulikie mapema.

Sanduku hili si sefu. Linazuia mkono usifike ndani, lakini haliwezi kumzuia mtu kulibeba lote akaondoka nalo. Kwenye gari liweke kwenye buti na ulifunge na kitu kisichong'oka kwa kebo ya chuma iliyosokotwa. Hata hivyo usilale ukiwa umeliacha humo. Kwenye bodaboda sanduku la mkononi linanyakuliwa kwa kufumba na kufumbua, hivyo mimi singelibeba hivyo kamwe. Na tafadhali, lisiwe na nembo ya kampuni ya bunduki. Kubandika stika hiyo ni kumwelekeza mwizi.

Shemeji alinunua jingine mwezi huohuo, zito, lenye makufuli mawili ya ufunguo mmoja. Dada akauliza ufunguo unakaa wapi. Kumbe shemeji alikuwa akiuning'iniza kwenye msumari jikoni, juu ya mtungi wa maji, mahali ambapo mtoto yeyote akipanda kiti anafika. Tangu siku ile anauvaa shingoni, pamoja na rozari yake.