Uniti ya umeme ni nini, na jikoni inaishia wapi

Nyumba ya wapangaji yenye LUKU moja haikosi ugomvi. Mtu kanunua umeme wa elfu kumi, kapata uniti 28 na ushee, wiki haijaisha mita inapiga kelele. Mshitakiwa huwa anajulikana: mwenye jagi la umeme. Nimeishi nyumba kama hiyo. Jagi lilisomewa mashitaka, likapigwa marufuku, na umeme ukaendelea kuisha vilevile. Mlaji alikuwa kasimama koridoni kwa heshima zake, kafunikwa kitambaa cha kufuma: friji kuukuu la mpangaji mwenzetu.

Tulikuwa tunachanganya wati na uniti. Wati, ile namba iliyoandikwa kwenye kitako cha kifaa au mgongoni mwake, ni kasi ya kula. Uniti ni kiasi kilichokwisha kuliwa, na ndicho tunacholipia. Kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima bila kupumzika kimekula uniti 1. Cha wati 100 kitahitaji saa kumi kufika hapo. Jina lake rasmi ni kilowati-saa, ndiyo ile kWh unayoiona kwenye risiti.

Sasa turudi kwenye kesi. Jagi la wati 2,000 huchemsha lita moja ya maji kwa kama dakika tatu, kisha linajizima. Hapo limekula sehemu moja ya kumi ya uniti. Chai ya asubuhi na ya jioni, mwezi mzima, ni uniti 6. Friji lina mota ya wati 120 hivi, namba isiyomtisha mtu, ila halina siku ya mapumziko. Likila uniti 1 tu kwa siku, na makuukuu hupita hapo, mwezi unakwisha na uniti 30. Jagi linabugia mara moja na kunyamaza. Friji linadonoa usiku kucha. Kwa mteja mdogo wa TANESCO, anayepata bei nafuu akiwa ndani ya uniti 75 kwa mwezi, friji peke yake limeshakula sehemu kubwa ya nafasi yake. Hata hivyo jagi nalo lina dhambi yake: kulijaza pomoni kwa ajili ya kikombe kimoja. Maji yote yale yanachemka, unamimina robo, mengine yanapoa.

Balaa lenyewe ni pale wati nyingi zinapokutana na muda mrefu, na mfano wake ni maharage. Jiko la koili likipika maharage makavu kwa saa mbili, kwa wastani wa wati 1,000, ni uniti 2. Sehemu kubwa ya joto hilo haiingii sufuriani. Linapita pembeni, linapasha jikoni na kukupasha wewe. Presha kuka ya umeme nayo mara nyingi imeandikwa wati 1,000, ndiyo maana wengi huiogopa. Lakini ina ganda linalozuia joto lisitoroke, na kwa kuwa mvuke umefungiwa ndani, maji yake hupita nyuzi 110 wakati ya sufuria ya kawaida yanagota kwenye 100. Ikishapata presha inakata umeme yenyewe, inarudisha kidogo, inakata tena. Maharage yaliyolowekwa usiku yanaweza kuiva kwa nusu uniti au pungufu. Wati zilezile, bili tofauti kabisa.

Usiniamini mimi, iulize mita. Usoni mwake tafuta maandishi kama 1000 imp/kWh. Maana yake kile kitaa chekundu kinapepesa mara 1,000 kwa kila uniti. Zima vyote, acha friji, subiri mota iungurume. Likiwa la wati 120 kitaa kitapepesa kila baada ya sekunde 30. Washa jagi uone kinavyopepesa mfululizo, hata sekunde mbili hazipiti. Kisha kaa hapo ukingoje mota ya friji inyamaze. Ikigoma kunyamaza, umeshapata jibu.

Sisi ya kwetu iligoma. Tulibana noti ya elfu moja kwenye mlango wa friji, tukafunga, tukaivuta: ikatoka laini kama imepakwa mafuta. Raba ilikuwa imekufa, baridi inavuja mchana kutwa na mota inakimbizana nayo. Mgongo wa friji ulikuwa umegandana na ukuta, joto halina pa kutokea, na swichi ya ndani ilikuwa kwenye 7, mwenyewe akidhani ni nyuzi joto. Ile namba ni ukali wa baridi. Kadiri inavyopanda ndivyo mota inavyofanya kazi. Tukaishusha hadi 3, tukalisogeza friji mbele kiganja kimoja, na fundi akaleta raba mpya.

Jagi lilirudi mezani jioni ileile. Mwenye friji alikubali kuongeza elfu nne kila mwezi kwenye mchango wa umeme. Kitambaa chake cha kufuma, hakutaka kiguswe.