Kiuno cha muogeleaji: kabla hujakinyoosha zaidi

Waogeleaji wa mashindano wanaoletwa kwenye kitengo chetu cha fiziotherapia huja na malalamiko yanayofanana. Kiuno kinauma baada ya mazoezi ya kipepeo, mtindo wa kuogelea ambao mikono yote miwili hurushwa mbele kwa pamoja, na mtu amewashauri wanyooshe mgongo. Basi kijana analala kifudifudi, anainua kifua kwa mikono hadi mgongo unapinda kama upinde, asubuhi na jioni. Maumivu yanazidi.

Mara nyingi kiuno chake hakijakakamaa hata kidogo. Kimelegea kupita kiasi. Kilichokaza ni nyonga na mgongo wa juu, nacho kiuno kinalipa deni lisilo lake.

Mkimbiaji ana ardhi ya kukanyagia. Muogeleaji hana, kwa hiyo nguvu ya mikono na ya miguu hukutana kwenye kiwiliwili. Kikilegea, nyonga huzama na kiuno hubinuka. Katika kipepeo na mtindo wa chura, kila pumzi inabinua kiuno tena. Isitoshe, kuna migeuko ya ukutani mwishoni mwa bwawa: kwenye bwawa la mita 25, mita 4,000 mfululizo ni migeuko 159. Na baada ya kila mgeuko wa mtindo huru, kipepeo au wa chali, sheria humruhusu kubaki chini ya maji hadi mita 15, akipiga kiwiliwili kizima kama pomboo. Kwa kijana ambaye mifupa yake haijakomaa, kubinuka huko kunakojirudia kunaweza kuleta ufa mwembamba nyuma ya pingili (mfupa mmoja wa uti wa mgongo), hasa ile ya tano ya kiuno.

Tuanze na nyonga. Kuna msuli unaotoka kwenye pingili za kiuno, unapita mbele ya nyonga na kushika mfupa wa paja. Kukaa darasani kutwa kunauacha umekaza, nao huvuta kiuno mbele. Piga goti moja chini, mguu mwingine uwe mbele, kaza tako la upande wa goti lililo chini, kisha sogeza nyonga mbele kidogo tu. Kaa sekunde 30, mara mbili au tatu kila upande. Mvuto usikike mbele ya paja. Ukiusikia kiunoni, umekosea. Fanya hivyo baada ya mazoezi. Kunyoosha msuli mmoja zaidi ya dakika nzima muda mfupi kabla ya kushindana hupunguza nguvu yake.

Sasa tumbo. Kulala chali na kuinuka mara mia moja kunapendwa sana na makocha, nasi tunabishana nao kila msimu. Majini, kazi kubwa ya tumbo ni kuzuia kiuno kisibinuke wala kujipinda ovyo. Kwa hiyo tunamlaza chali, magoti juu ya nyonga, mikono ikielekea dari; anashusha mkono wa kulia na mguu wa kushoto polepole, kisha anabadilisha, na kiuno kisiachane na sakafu. Halafu anapiga magoti na viganja chini, ananyoosha mkono na mguu wa pande tofauti kwa sekunde 10. Weka kikombe cha plastiki chenye maji kiunoni mwake. Kikimwagika, utajua kwa nini anaumia. Planki ya ubavu, yaani kujiinua kwa kiwiko ukiwa umelala ubavu, mwili umenyooka, inamfaa mwenye mtindo huru, maana kila mkono unaovuta unataka kumzungusha. Dakika 15, siku tatu kwa wiki, zinatosha kuanzia.

Kibao cha kupigia miguu nacho kitazamwe: kichwa kikiwa juu muda wote, kiuno hubinuka muda wote. Anayeumwa apige miguu akiwa chali.

Maumivu yakidumu zaidi ya wiki mbili, yakimwamsha usiku, yakishuka mguuni kwa ganzi, au yakichoma anaposimama kwa mguu mmoja na kujibinua nyuma, aache kipepeo na aende hospitali. Mwambieni daktari kwamba mtoto anaogelea, na ni mtindo gani, kwa sababu ufa ule ukiwa mchanga eksirei ya kawaida inaweza isiuonyeshe.