Je, wajua kwa nini darubini ya Newall ilitolewa zawadi mara mbili?

Ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1870, ndiyo iliyokuwa darubini kubwa ya lenzi kuliko zote duniani. Tangu hapo imegawiwa mara mbili: kwanza Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha Ugiriki. Kitu kikitolewa bure mara mbili, watu husema bila shaka kibovu. Hiki si kibovu. Lenzi yake ya sentimita 62.5 ni kazi ya Thomas Cooke wa York, aliyefariki 1868 wanawe wakaimalizia, na kioo kilitoka safi. Tatizo lilikuwa hewa.

Robert Stirling Newall, tajiri wa kamba za waya na nyaya za chini ya bahari, aliisimika kwake Gateshead, kaskazini mwa Uingereza, penye moshi wa makaa ya mawe na mawingu. Kwa miaka kama 15, alisema, alipata usiku mmoja tu mzuri.

Mawingu ni nusu tu ya hesabu. Tazama gari la mbali juu ya lami saa saba mchana: linachezacheza. Ukilikuza kwa darubini, unakuza na huo mchezo. Namba ya gari husomi. Lenzi hii, kwa hesabu, hutenganisha nyota mbili zilizoachana kwa pembe ya sekunde 0.2 (digrii moja ina sekunde 3,600). Hewa ya bondeni mara nyingi huitawanya nyota hadi sekunde 2 hivi. Usiku kama huo lenzi ya sentimita 10 tu ingeonyesha undani karibu uleule!

Lakini mwanga haukupungua: lenzi hukusanya karibu mara 8,000 ya mboni ya jicho iliyopanuka milimita 7. Mwanawe, Hugh Frank Newall, alilitumia hilo. Cambridge ilisitasita kupokea zawadi ya 1889, maana kuba na mwangalizi ni gharama, mpaka yeye akajitolea kufanya kazi bila mshahara. Darubini iliposimama 1891, aliifungia spektrografu, chombo cha kuchambua rangi za mwanga, akapima kasi ya nyota zinazotujia au kutukimbia. Kwa kazi hiyo sura kali si lazima sana, ingawa hewa mbaya bado humwaga mwanga nje ya mwanya wa chombo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikahamia kilima cha Penteli, karibu na Athens. Tangu 1995 ni ya wageni, wanaochungulia Mwezi na sayari kupitia kioo kilekile.