Mwizi mwenye karata: tunayoyakosea kuhusu Gambit

Ukimtaja Gambit, mhusika wa komiki za Marvel, picha inayomjia kila mtu ni ile ile: koti refu la kahawia, macho mekundu yaliyozama kwenye weusi, na karata inayowaka rangi ya waridi kati ya vidole viwili. Wengi tulimjua kwenye katuni za televisheni za miaka ya 1990. Wengine wamemjua juzi tu, mwaka 2024, Channing Tatum alipomwigiza kwenye sinema. Komiki zenyewe waliozisoma ni wachache, na ndiyo maana mengi yanayosemwa juu yake yana ukweli nusu.

"Nguvu zake ziko kwenye karata"

Karata zile ni za kawaida kabisa. Mwibie pakiti nzima, kaicheze na wenzako usiku kucha, haitalipuka hata moja. Nguvu iko mikononi mwake. Remy LeBeau, kwa jina lake halisi, ni mutanti, yaani mtu aliyezaliwa na nguvu zisizo za kawaida, na akigusa kitu anaigeuza nishati iliyolala ndani ya kitu hicho kuwa nishati ya mwendo. Akikirusha kikagonga shabaha, kinalipuka. Kinaweza kuwa jiwe, kijiko au kitasa cha mlango. Kitu kikubwa huchukua muda kujaa, kidogo hujaa papo hapo.

Sasa jiweke kwenye viatu vya mwizi. Unataka silaha nyepesi, isiyogongana mfukoni, ambayo mlinzi akikupekua hataishuku, na unatembea nazo 52 kwa mkupuo. Utachagua nini? Na ile ree ya shupaza ambayo wachoraji hupenda kumpa haina nguvu kuliko mbili ya kopa. Inapendeza kwenye jalada tu.

Jina lake nalo watu hulipeleka kwenye kamari, wakati ni la sataranji. Ni ile mbinu ya kuitoa kete yako ndogo iliwe mapema ili upate nafasi nzuri mbele ya safari. Neno lilitoka kwenye Kiitaliano, na asili yake ni mguu: kumpiga mtu mtama.

"Jim Lee ndiye aliyemchora kwanza"

Mwandishi Chris Claremont na mchoraji Jim Lee ndio wanaotajwa kuwa waliomuumba, na hapo hakuna ubishi. Lakini kurasa za toleo la 266 la Uncanny X-Men, komiki ya kikundi cha mashujaa mutanti wanaoitwa X-Men, la Agosti 1990, ambamo Gambit anaingia rasmi, zilichorwa na Mike Collins. Wakusanyaji wa komiki wana ugomvi wao mwingine, kwa sababu kuna toleo la mwaka namba 14 lililotangulia kuuzwa kwa wiki chache, na ndani yake Gambit anachungulia kidogo. Waachie wao, maana wanabishania bei.

Kinachonivutia mimi ni aliyekuwa naye kwenye hilo toleo la 266. Ni Storm, mmoja wa X-Men, ambaye wakati huo amerudishwa utotoni, yuko peke yake na anaishi kwa wizi. Storm ni binti wa mama Mkenya na baba Mmarekani, na utoto wake wa kwanza, baada ya kufiwa na wazazi, aliupitisha akichomoa pochi za watu mitaani Cairo. Kwa hiyo Gambit hakuingia kama shujaa aliyekuja kuokoa mtoto. Ni mwizi mmoja aliyemtambua mwenzake.

"Anaiba kwa matajiri awagawie maskini"

Hapana. Gambit anaiba kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya nyumbani kwao. Mfululizo wake wa kwanza, wa matoleo manne, ulioanza mwishoni mwa 1993, ukiandikwa na Howard Mackie na kuchorwa na Lee Weeks, unaeleza hilo vizuri. Alilelewa na Jean-Luc LeBeau, mkuu wa Chama cha Wezi cha New Orleans. Chama hicho kina miiko, kina viapo na kina mhisani asiyekufa anayeitwa Candra, ambaye lazima apelekewe fungu lake. Kijana anafundishwa kufuli kama mtoto wa fundi anavyofundishwa randa.

Upande wa pili wa mji kuna Chama cha Wauaji. Ili kumaliza uhasama, wazee wakapanga ndoa: Remy amuoe Bella Donna Boudreaux, binti wa wauaji. Kaka wa bibi harusi, Julien, hakulikubali akamtaka bwana harusi wapigane. Remy akamuua shemeji yake, na kijana akafukuzwa mjini akiwa na ndoa changa. Anaposema "chère", yaani mpenzi kwa Kifaransa, kwa kila mwanamke anayempita, kumbuka kwamba kwao kuna mke aliyemwacha hivyo.

Hapo hapo kuna kosa ambalo hata waandishi wa komiki wamelichangia. Gambit huitwa Cajun, na New Orleans ikachukuliwa kuwa ndiyo makao ya Wacajun. Wacajun ni wazao wa Wafaransa wa Acadia, katika Kanada ya leo, waliofukuzwa na Waingereza kuanzia 1755. Waliohamia Louisiana walitawanyika kwenye vinamasi na mbuga za kusini, na mji wanaouona kuwa wao hasa ni Lafayette, magharibi ya New Orleans. Mcajun kukulia New Orleans inawezekana kabisa, ila mji huo si wao.

"Gambit aliwasaliti X-Men"

Hapa ndipo utamu ulipo. Bishop, askari aliyetoka wakati ujao, alikuja na habari kwamba mmoja wa X-Men atawaangamiza wenzake, na jicho lake likamwangukia Gambit. Kwa miaka wasomaji wakamtazama mwizi kwa wasiwasi. Mwaka 1996 jibu likatoka: hatari ilitoka kwa Profesa Xavier mwenyewe, mwanzilishi wa X-Men, kupitia kiumbe kilichoitwa Onslaught. Gambit alikuwa safi.

Safi kwa kosa hilo. Mwaka uliofuata, kwenye toleo la 350 la Uncanny X-Men, likafukuliwa kosa ambalo hakuna aliyewahi kumshuku nalo. Zamani, nguvu zake zilipomzidi, alimwendea Mister Sinister, mwanasayansi mwovu, aliyempasua na kumtoa kipande cha ubongo ili zipungue. Malipo yalikuwa kazi: kusanya kikundi cha watu fulani, kisha uwaongoze hadi kwenye mahandaki ya chini ya New York walikoishi mutanti waliojiita Morlocks. Kikundi kile kilikwenda kuua. Gambit alipoelewa alijaribu kuwazuia, akajeruhiwa vibaya, akatoka na mtoto mmoja wa kike mikononi. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa Marrow, ambaye baadaye alijiunga na X-Men.

Mauaji yale wasomaji walikuwa wameshayasoma mwaka 1986, miaka minne kabla Gambit hajaumbwa. Waandishi wakarudi nyuma wakamchomeka. Wapo wasiowasamehe mpaka leo, wakisema ni kiraka. Kwangu ni kiraka kilichoshonwa vizuri, kwa sababu kinampa mwizi deni ambalo haliwezi kurudishwa usiku kupitia dirishani. Kesi yake ilifanyika Antaktika. Rogue, mpenzi wake ndani ya X-Men, ambaye akimgusa mtu hunyonya kumbukumbu zake, alimbusu, akayaona yote kwa macho ya Gambit mwenyewe, akamwacha kule kwenye barafu.

"Ni mfululizo mmoja mrefu"

Kila mara unafungwa na kuanza upya na toleo la kwanza, ndiyo maana mtu akikwambia "soma Gambit namba 1" muulize ya mwaka gani. Ipo ile ya 1993, nyingine fupi ya 1997, kisha ya Fabian Nicieza iliyofika matoleo 25 kati ya 1999 na 2001. John Layman alipata 12 (2004 na 2005), James Asmus 17 (2012 na 2013). Mwaka 2022 Claremont mwenyewe akarudi na matano, akawachukua tena Gambit na Storm mdogo. Anayetaka wizi wenyewe, wa kupenya kwenye karamu ya tajiri ukiwa umevaa suti, aanze na Asmus. Anayetaka kuona deni likimsumbua aende kwa Nicieza.

"Yeye na Rogue hawatagusana kamwe"

Walishaoana. Mwaka 2018, kwenye X-Men Gold namba 30, Kitty Pryde alikuwa aolewe na Colossus, wote wawili wa X-Men. Wageni wamefika, maua yamepangwa, na bibi harusi akabadili mawazo saa ya mwisho. Gambit akaitazama shughuli iliyokwisha kuandaliwa, akamgeukia Rogue, akamwomba amuoe siku hiyo hiyo. Harusi ikafungwa pale pale, kwenye maua ya watu wengine.